Nilisema Nimezima

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tisa tangu tumzike mdogo wangu. Nimerudi kazini. Nyumba ya mwalimu mstaafu, taa mbili na soketi moja. Kazi ya saa moja — nimetumia nne! Kila nikishika waya namsikia juu ya ngazi, kule kanisani, feni ikining'inia mbele yake: “Kaka, umezima?” Nami chini, simu sikioni: “Nimezima.”

Nilizima swichi ya taa. Feni ilikuwa na laini yake, bado ina umeme. Testa ya kupimia umeme ilikuwa mfukoni mwangu. Mfukoni!

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu anasema naweweseka. Nasema nini? Eti neno moja tu. Hakulitaja. Sikuuliza tena.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Fundi mwingine ameifunga ile feni. Inazunguka vizuri. Nimeitazama ibada nzima.

Mchungaji kasema Mungu hakosei, mateso ya mwamini yana kusudi. Watu: Amina! Hakukosea Yeye, nilikosea mimi. Mbona wanamsingizia?

Shemeji, mjane wa mdogo wangu, alikaa mbele na mtoto mapajani. Aliimba! Nje nikamuuliza anawezaje. Akasema haimbi kwa kuwa ameelewa. Anaimba kwa sababu akinyamaza atazama. Na Yesu naye alilia kaburini kwa rafiki yake, kwa hiyo haoni haya kulia mbele yake.

Kisha akanikazia macho: “Shemeji, umekonda. Unakula kweli wewe?”

Ananihurumia. Mimi!

Jumatano, 12 Machi

Nimekataa kazi mbili. Nimejaribu kuomba. Nimefika “Baba” — basi.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika kwenye daftari la vipimo, nimekaa kizingitini kwa shemeji.

Nimemwambia. Yote. Swichi, simu, testa. Alikuwa anafua. Akaziacha nguo kwenye povu, akanitazama mpaka nikatamani anipige. Akauliza jambo moja tu: aliteseka? Nikasema hapana, ilikuwa ghafla. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Nikaanza kuondoka. Akapaza sauti dirishani: “Usiende! Siwezi kukuangalia usoni. Lakini usiende.”

Basi nimekaa. Analia. Halafu anamsemesha Mungu, kwa ukali, kama binti anayegombana na baba yake mzazi: wiki tatu anamuuliza kwa nini, na hili ndilo jibu? Hili? Anamwambia hamwelewi. Anamwambia asimwache. Anarudia hayo mawili, hili kisha lile, sijui mara ngapi. Mtoto kaamka, naye analia.

Sasa namsikia akimbembeleza mtoto.

Kaniita, sauti ya chini kabisa: “Shemeji. Bado upo?”

“Nipo.”

Nasikia mkono wake kwenye komeo. Halijasogea.