Kaburi Lako Tulilihamisha, Mtani

Nyemo, mtani wangu,

Shikamoo sikupi, maana tulikuwa rika moja, na wewe mwenyewe ulikuwa unakataa kuzeeka. Nakusalimu tu. Huku sisi wazima, karanga zimekauka vizuri, na mkono unaoandika barua hii ni wangu mwenyewe, si wa karani wala wa mwalimu. Usizicheke hizi herufi. Zinalala ubavu, najua. Ulikuwa ukinishika kidole pale chini ya bati la ofisi ya kijiji na kuniambia, "Mama Shija, kalamu si jembe, usiilimie." Basi leo silimi, naandika.

Nakujua. Huko uliko unawasumbua watu kwa kuuliza ulizikwaje. Nitakwambia yote, lakini nianze na siku ile ya lori, maana bila hiyo hii nyingine haina utamu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijijini, hapa pembeni ya reli, mwendo wa saa nzima kutoka stesheni ya Kigwa. Tulikuwa tumesikia kwamba mjini Tabora watu wasio na kazi wanakusanywa waje kulima, na kwamba wamo wanawake wa vile vyumba vya karibu na stesheni. Lori likaja, mkashuka wanne. Watatu walitoroka na treni kabla ya wiki kwisha. Ukabaki wewe, na gauni lako la maua, na viatu vya visigino vilivyokuwa vinazama mchangani. Mimi nilifanya nini? Nilimvuta binti yangu Shija ndani nikafunga mlango. Baba Shija nikamwambia asitoke. Alinitii haraka mno, na kwa nini alinitii nilikuja kuelewa baadaye sana.

Kesho yake asubuhi ulikuja kisimani na debe. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano, na hakuna aliyekuitikia salamu. Mmoja akasema kwa sauti, ili usikie, kwamba kamba ya kisima hiki ni ya wanawake wenye waume. Nikacheka. Nasema kweli, Nyemo, nilicheka mimi, tena kwa nguvu. Wewe ukaweka debe chini, ukashika kiuno, ukauliza kama sisi ni Wanyamwezi. Ukasema, "Mimi Mgogo. Babu zenu walipokuwa wakibeba pembe za watu kichwani kwenda pwani, walipita kwetu ndimi nje, wakanywa maji ya visima vyetu mpaka tukabaki na tope, na asante hawakusema. Leo nimekuja kunywa ya kwenu. Nipisheni, wapagazi nyie."

Aliyeanza ni marehemu mama mkwe wangu, bibi yule mkali ambaye hata wajukuu walikuwa hawamjui meno. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa tungefanyaje? Wagogo ni watani wetu tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa, akiomba maji huruhusiwi kumnyima, na akifia kwako unamzika wewe. Mama mkwe akakuchotea kwa mkono wake mwenyewe, akakuambia, "Kunywa, mwizi wa ng'ombe." Tangu hapo ukawa na majina mawili kijijini. Mbele ya uso wako uliitwa mtani, na nyuma ya mgongo uliitwa malaya.

Tusidanganyane, la mgongoni halikufa. Kilipoanza kisomo cha watu wazima, wewe peke yako ndiye uliyekuwa umemaliza darasa la nne kwa wamisheni, lakini wako wanaume waliowakataza wake zao kufundishwa a na e na mwanamke wa stesheni. Ukasema wasiotaka kusoma waje tu kukaa kivulini, bati ni la kijiji. Wakaja kukaa. Baada ya mwezi walikuwa wanasoma maandishi kwenye magunia ya mbolea.

Habari za maisha yako ulinisimulia mara moja tu, tukikata viazi vya michembe. Mvua ilikataa Ugogo misimu miwili. Ng'ombe wakaisha, mume akaenda kukata mkonge asirudi, ukapanda treni, na nauli ikakufikisha Tabora. Ulifua nguo za watu. Ulimpikia mwanamke mmoja pombe kwa malipo ya chakula, kisha chakula nacho kikakoma. "Sikuichagua ile kazi, Mama Shija," ulisema. "Nilibisha milango yote, na ule ndio uliofunguliwa." Halafu ukaniambia nikate vyembamba, vinene havikauki. Mimi machozi yalikuwa yananilengalenga, ukanikataza, ukasema machozi yanaozesha michembe.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Mwenye njaa na mwenye shibe wakikutana chumba kimoja, kwa nini aibu yote anaachiwa mwenye njaa? Mwenzake anapanda baiskeli, anarudi kwao, anakuwa mzee wa baraza.

Homa ilikushika Jumatatu, Alhamisi adhuhuri ukaniacha. Nililia, Nyemo. Nililia vibaya mpaka Shija akawa ananishika nisianguke.

Wazee wakakaa barazani kwa Mwenyekiti. Walisema maneno ya upole, na huo upole ndio uliniudhi zaidi. Marehemu alikuwa mchapakazi, walisema, lakini makaburini wamelala wazazi wetu, na maisha yake ya mjini yanajulikana. Basi azikwe kule ng'ambo ya reli, wanakozikwa watu wasiojulikana. Eti hujulikani. Miaka sita umewasomea barua za watoto wao walioko jeshini, ukajua nani kaoa na nani anaumwa kabla yao wenyewe, leo hujulikani. Nilitaka kusema, nikaambiwa wanawake wakae na maiti. Vijana wakatumwa ng'ambo ya reli na majembe.

Nikarudi, nikakaa karibu na mkeka wako. Nikainua macho, nikaona lile gauni la maua limetundikwa kwenye msumari. Hapo akili ikanirudia. Wazee wetu hawa walikumbuka mambo yote ya Tabora, lakini walisahau kwamba kijiji kizima ni watani wa marehemu, na msiba wa mtani una taratibu zake.

Nikavaa gauni lako. Halikufunga nyuma, unaujua mwili wangu, nikafunika kwa khanga. Nikavaa na viatu vya visigino, nikatoka nje kwa mwendo wako, ule wa kutupa mkono mmoja. Wanawake waliokuwa wanalia waliniona, wakaelewa, na kilio kikageuka vigelegele. Wakanifuata mpaka ng'ambo ya reli. Shimo lilikuwa limefika kiunoni. Nikaingia, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani.

Mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu, anakombolewa kwa kile anachotaka. Vijana hilo wanalijua. Wakatupa majembe, wakamkimbilia Mwenyekiti, na yeye akaja na wanaume wote nyuma yake. Mimi kule chini nikaanza kusema kwa sauti yako, ile ya puani kidogo: "Karibuni wateja wangu. Mbona leo mmesimama mbali? Tabora hamkuwa mnasimama mbali. Wewe wa tumbaku, hujambo? Na wewe uliyekwenda mjini kununua baiskeli ukakaa siku tatu, baiskeli haijambo?"

Wewe hukuwahi kunitajia mtu hata mmoja, siri zao zote umeondoka nazo. Mimi nilikuwa nabahatisha tu. Lakini nikiwa nimelala pale niliona miguu inarudi nyuma mmoja mmoja kutoka ukingoni, na kati yake zilikuwamo katambuga za Baba Shija, ile ya kushoto nimeifunga waya mwenyewe. Hilo tulilizungumza nyumbani. Tulilizungumza kwa muda mrefu.

Wanawake wakaanza kucheka, kwanza wamejiziba midomo kwa khanga, halafu wakaachia. Na kukasirika mtu hawezi, ni utani, tena wa msibani. Mwenyekiti alitazama huku, akatazama kule, jasho linamtoka. Mwisho akachuchumaa ukingoni akaniuliza, "Mtani, unataka nini utoke?"

Nikamwambia, "Mimi Nyemo nimechoka kulala karibu na treni. Nataka kulala karibu na yule bibi aliyenipa maji."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akavua koti lake, akachukua jembe yeye mwenyewe, akatangulia kuelekea makaburini. Wanaume wakamfuata. Nilichelewa kutoka kwa sababu kisigino kilikuwa kimenasa kwenye udongo, na nilikuwa nalia tena.

Kwa hiyo umelala mkono wa kulia wa mama mkwe wangu, na naamini keshaanza kulalamika kwamba una domo. Mchungaji alikusomea, na shehe naye alikuja akasimama na watu wake mpaka mwisho. Siku tatu tulikula michembe uliyokausha mwenyewe, tukaigiza mwendo wako mpaka mbavu zikauma. Msiba wenye raha namna ile sijauona, na sioni haya kulisema, maana ndivyo ulivyoishi na sisi.

Mengine mapya. Kisomo nimekishika mimi, usizimie. Mwenyekiti anakuja, anakaa nyuma, na yale maneno ya mwanamke wa stesheni sijamsikia nayo tena. Kule shimoni ng'ambo ya reli nimepanda mpapai, umeshika vizuri, na watoto wanauita wa Nyemo. Viatu vyako Shija amevitaka, nimemwambia angoje kwanza mguu ukue.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu leo. Juzi binti mmoja ameshuka kwenye treni pale Kigwa, akaja hapa kwa miguu na mfuko mmoja. Ni mtu wa Puge, Mnyamwezi mwenzetu. Mjini alikuwa anakaa Ipuli, kazi ni ile ile, na habari zake zilitangulia kufika kama zako. Jana asubuhi akaja kisimani. Akasalimu, wanawake wote wakanitazama mimi.

Nikatafuta utani wa kumpokelea, sikuupata. Huyu si Mgogo. Hana tusi la kuturushia, na sisi hatuna mila ya kutulazimisha, ni mtoto wetu wa kuzaa na tumezoea kuwafungia milango watoto wetu. Alisimama na debe lake, midomo imekauka, macho chini. Nikakumbuka kicheko changu cha siku ile, Nyemo, nikaona aibu. Nikaishika kamba. Nikachota, nikamshikia kata mpaka akamaliza kunywa, nikamuuliza jina lake. Sikumtania.

Lala, mtani wangu, na umwache bibi naye asinzie. Nakuahidi kwamba muda wote nitakapokuwa na mikono ya kuvuta kamba ya kisima hiki, hakuna mwanamke atakayekunywa wa mwisho kwa sababu ya alikotoka. Jumatatu huyu binti anaanza kisomo. Kalamu hajawahi kuishika, nimemuuliza. Nitamshika kidole.

Ni mimi mpagazi wako,
Mama Shija