Kitambaa Nilichokufungua Mkononi

Kaka Shabani,

Sikuulizi hali. Ukiwa mzima, alhamdulillahi. Ukiwa mgonjwa, Mungu akupe nguvu za kusoma hadi mwisho. Ujumbe wangu wa simu unausoma na kunyamaza, kwa hiyo safari hii nimeandika barua ambayo kila mtu ataisoma. Mzee Masanja alisingiziwa hadharani. Na hii nayo iwe hadharani.

Wiki iliyopita maji yalimwagika tena kwenye godauni la tumbaku. Hukujua kwamba nafanya kazi pale, kwa sababu hujawahi kuuliza. Walipolijenga upya walitafuta mtunza stoo, nikaomba, wakanichukua. Basi mashine ya kunyanyulia mizigo iligonga bomba la darini, kichwa kimoja cha kunyunyizia maji ya kuzimia moto kikapasuka, marobota ya tumbaku yakaloa. Hapakuwa na moto. Vali kuu ikafungwa, tukaita mafundi.

Nilisimama kuwatazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fundi wao ni binti, anaitwa Rehema. Alibadilisha kichwa, akafungua vali taratibu ili hewa itoke kwanza na mabomba yasipigwe na maji ya ghafla, akatazama geji, kisha akafungua koki ya kujaribia. Kengele ya ukutani, ile inayolia maji yakipita, ikalia. Kaka, ililia kwa nguvu hadi watu wa dukani ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Nikamuuliza, "Umefungua kweli?" Akacheka. "Shika mwenyewe, dada." Nikaweka mkono kwenye gurudumu la vali, nikalia mbele za watu nisiowajua vizuri.

Siku ya ndoa yangu kengele hiyo haikulia.

Unakumbuka Baba, fundi wa mabomba hayo kabla yako, alivyotufundisha? Ukifunga vali ya maji ya kuzimia moto, unajifunga kitambaa chekundu mkononi mwako. Si kwenye vali, kwa sababu vali utaiacha nyuma; mkono unakwenda nao. Unakula nacho, unaswali nacho, unalala nacho, na hukifungui mpaka maji yarudi. Tena aliyefunga vali ndiye aifungue, hakuna kumtuma mwingine. Alisema kajifunza kwa babu yake, mpagazi aliyefika Tabora na mzigo kichwani enzi za misafara, ambaye alijifunga uzi mkononi kila alipopokea mzigo wa watu. Sijui kama ni kweli. Baba naye alipenda hadithi. Lakini wewe na mimi tulikua tukiutazama mkono wake kabla ya kumwangalia usoni.

Na Mzee Masanja, mlinzi wa getini, yule Mnyamwezi wa Nzega, alijua desturi hiyo kuliko mafundi wenyewe. Alikuwa akitusalimia "Mwangaluka!", salamu yao ya asubuhi, hata jua likiwa linazama, ilimradi atuchekeshe. Fundi akitaka kutoka, mzee anamwambia, "Mkono!" Ukiwa na kitambaa, hutoki. Hata Baba alirudishwa siku moja, akarudi ndani akinung'unika.

Sasa niwaeleze na wasiojua. Alhamisi ile, kesho yake nikiwa naolewa, cheche za mchomelea vyuma ziliunguza magunia. Vichwa viwili vikapasuka, maji yakauzima moto kama yalivyokusudiwa. Kaka yangu akafunga vali, akajifunga kitambaa. Bosi akapiga kelele kutwa nzima kwamba maji yamemharibia tumbaku kuliko moto. Kichwa kimoja cha akiba kilikosekana mjini, kikaja na basi Ijumaa asubuhi. Ulikifunga mahali pake, Kaka. Ilibaki kurudisha maji tu, kazi ya saa moja kwa mtu asiye na haraka. Lakini Baba alikuwa ameshafariki, walii wangu ulikuwa wewe, na simu ya Mama ilikuwa haipoi: shehe kafika, bwana harusi kafika, wewe tu ndiye unayesubiriwa.

Ukaja chumbani kuniuliza kama nimeridhia. Kanzu mpya, kofia ya Baba, na mkononi kile kitambaa chenye grisi. Ulikuwa unacheka. Ukaniambia, "Leo Masanja kanipitisha nacho. Kasema, nenda ukamwoze mdogo wako, halafu urudi upesi, mimi nalinda."

Nami nikasema, "Kaka, utamshika mkono mume wangu na hilo dude?"

Nikakifungua mwenyewe, kwa vidole vyenye hina. Sikatai. Nimelibeba hilo kila nilipotawadha tangu siku ile. Nilikichomeka chini ya godoro, nawe ukaniambia, "Nikumbushe." Mimi ni biharusi, Kaka! Nani humwambia biharusi amkumbushe kazi ya bomba? Ukatoka, ukaniozesha, ukala pilau, ukapigwa picha. Ilipokaribia alasiri moto ukazuka tena, watu wakaanza kukimbia kuelekea godauni.

Mzee Masanja alikutwa kwenye chumba cha vali, moshi umemmaliza, mkono wake juu ya gurudumu. Alijua maji yamefungwa kwa sababu yeye ndiye aliyekupitisha getini. Alikwenda kufanya kazi yako.

Kusahau ningekusamehe. Wallahi ningekusamehe, maana tulisahau wote wawili. Lakini ulisimama mbele ya wale waliokuja kuchunguza, ukasema uliacha maji wazi, na kwamba mzee aliogopa tumbaku isije ikaloa tena, akafunga mwenyewe. Ukautumia hata mkono wa maiti kama ushahidi. Wakaamini, kwa nini wasiamini? Usiku wa fungate yangu ukanipigia simu: "Ukisema kitu, umenizika." Nikakaa kimya. Wiki iliyofuata ukapanda treni, na ulipofika Tura ukanitumia ujumbe mmoja kwamba safari ni njema. Njema!

Wewe umejenga maisha huko. Hapa mtaani kwetu Isevya, watoto wa Masanja wamekua wakiitwa watoto wa mlinzi aliyefunga maji. Mkubwa wao aliacha kwenda msikitini. Mama Nyamizi, mkewe, anakaanga vitumbua pale pale kona ya Gongoni, na mimi miaka yote hii nimekuwa mteja wake. Nilijiambia namsaidia. Kumbe nilikuwa naogopa kupita bila kusimama.

Baada ya kengele ya Rehema nilikwenda nyumbani, nikakitoa kitambaa sandukuni, nilikokihamishia baada ya harusi. Bado kina alama za hina yangu. Nikaenda nacho kwa Mama Nyamizi, nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote. Sikukupunguzia wala sikujipunguzia. Mafuta yaliungua kikaangoni na hakuna aliyeyaangalia.

Akasema, "Kumbe ulikuwa unakula vitumbua vyangu huku unalijua hili."

Nikamwambia niko tayari kusema popote atakaponipeleka, na tayari nimemwambia imamu. Akakichukua kitambaa, akakigeuzageuza. Nikadhani atakitupa jikoni. Akanyoosha mkono wake wa kulia na kuniambia, "Nifunge."

Nimemfunga, Kaka. Anakoroga unga nacho, anapokea wateja nacho, na wakimuuliza anawaeleza ni cha nani. Amesema mumewe alikupitisha getini kwa ahadi ya kurudi, na hatakifungua yeye wala hatakubali mimi nikifungue. Anakusubiri wewe.

Mdogo wako, uliyemwozesha siku ile,
Mwajuma