Alhamisi Kumi na Mbili Shambani kwa Bapu

Jumatatu, 1 Julai 2019

Joto la kuua. Nimetoka kazini Ludhiana alfajiri, nimefika nyumbani ulimi umekauka. Bapu, baba yangu, kanipokea na bilauri ya mtindi: "Mashine yako naitunza kuliko mama yako!" Mama kamrushia mwiko, ukampata begani. Tukacheka.

Mashine — kile kipima unyevu nilichokifukia shambani kwake Aprili. Nilitaka kukifukia mkiani mwa mfereji, maji yanakoishia, walipo wakulima wengi. Bapu akawaka: binti yake apeleke mashine shamba la mtu mwingine, kwani yeye amekufa? Watu watasema nini? Nikanywea. Kikafukiwa kwetu, kichwani mwa mfereji, maji yanakoanzia.

Modeli yetu, programu ya kompyuta ya kutabiri mvua, kila siku huuliza: udongo una maji kiasi gani? Ukilowa, jua huyapandisha, hewa hujaa mvuke, mvua hushuka palepale. Ukikauka, ni joto na vumbi. Tarakimu za shamba la Bapu ni tamu mno. Modeli inatabiri mvua kubwa Jumamosi!

Jioni kaja mzee Tarsem wa mkiani, kwa heshima tunamwita Chacha, baba mdogo. Apande mpunga au asubiri? Kule maji ya kisima ni chumvi tupu. Anategemea zamu yake ya mfereji, nayo siku hizi inamletea matone. Mimi mwenyewe nimemwambia: pandeni, Chacha.

Alhamisi, 4 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi mchoro wa unyevu kwenye kompyuta umeruka juu. Kila Alhamisi! Zamu yetu ni Jumatatu. Nimekipiga teke kisanduku cha juu cha kifaa, nikidhani panya wametafuna waya. Bapu anasema ni pampu yake, huiwasha Alhamisi. Haya.

Mkiani wamepanda wote. Kwa neno langu.

Jumamosi, 6 Julai

Hakuna mvua. Nyuzi arobaini na nne! Dhoruba ya vumbi imeng'oa bati la zizi, likampasua nyati wetu wa maziwa ubavu. Damu hadi kwenye ndoo ya maziwa.

Jumatatu, 8 Julai

Jagtar, mtoto mkubwa wa Chacha Tarsem, kaja na fungu la miche iliyoungua. Kanitupia usoni. "Kula, daktari wa mvua! Kula mpunga wako!" Kisha kaenda shambani kwetu na jembe, akakifukua kifaa na kukipondaponda. Kaka yangu Lakhvir akamrukia. Wakagaragazana topeni, vilemba vikafunguka, Lakhvir akatemeshwa jino.

Na mimi nilikuwa napiga kelele: mpige! Mpige! Naona aibu kuandika. Lakini nilisema.

Alhamisi, 11 Julai



Alfajiri Bapu na Lakhvir wametoka na majembe. Mara kelele. Nikakimbia peku. Jagtar yuko ndani ya mfereji, maji kiunoni, anarudisha udongo kwa mikono mitupu kwenye ukingo uliokatwa upande wa shamba letu. Bapu anapiga kelele kwamba mwizi amebomoa ukingo wake. Jagtar naye: "Leo Alhamisi, mzee! Leo yetu!" Lakhvir akainua jembe. Bapu hakumzuia. Bapu alisema, maliza.

Mara mbili, kichwani. Sauti kama kupasua muwa. Maji yakaendelea kuingia shambani kwetu, mekundu.

Polisi wameandika alivyosema Bapu: Jagtar alikuja kuiba maji.

Leo Alhamisi. Zamu ya Tarsem, tangu saa kumi na moja alfajiri. Iko kwenye orodha ya ofisi ya mfereji, mtoto mdogo anaijua. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

Ijumaa, 12 Julai

Jagtar hajazinduka. Wanasema jicho limekwenda.

Kifaa kimevunjwa, lakini tarakimu zote zilishatumwa Ludhiana kwa simu. Nimempigia Mridula, tunayefanya naye kazi. Nikamwambia atoe ile miruko ya Alhamisi, aiambie modeli udongo ni mkavu, aiendeshe upya kuanzia tarehe mosi. Alinipigia baada ya saa tatu. Mvua ya Jumamosi haipo. Imefutika yote.

Modeli iliamini nilichoilisha. Niliilisha maji ya wizi, ikanirudishia mvua ya uongo, nami nikaipeleka kwa mtu yuleyule aliyeibiwa! Ningejipiga makofi. Nimejipiga.

Nimemwambia Bapu. Hakukana. Alisema udongo ni wake na mtoto ni wake. Lakhvir kaibamiza kompyuta yangu ukutani, akanikaba koo hadi mama akamng'ata mkono.

Mridula amebaki na nakala. Hilo sikulisema.

Jumamosi, 13 Julai

Mawingu yametanda tangu asubuhi. Sijali.

Jagtar amefariki saa mbili.

Baraza la kijiji liko uani kwetu. Nasikia sauti ya Chacha Tarsem, imekauka. Hataki mwanawe apelekwe kuchomwa, ndiyo mazishi yetu, akiitwa mwizi. Mkuu wa baraza anasema ushahidi hakuna, ni neno la mtu na neno la mtu. Kuna anayesema mashine ya binti ingejua. Wengine wanacheka, mashine si ndiyo iliyosema mvua!

Nimejifungia chumbani. Nimeuchora mchoro kwa kalamu ukurasa wa pili kutoka huu, Mridula akinisomea tarakimu kwenye simu. Aprili 18 hadi Julai 4. Alhamisi kumi na mbili, zote saa kumi na mbili asubuhi, pembeni nimeandika jina la mwenye zamu. Na pampu? Nimekwenda kuitazama. Ina viota vya ndege ndani.

Bapu huyuhuyu alinibeba begani mafuriko yalipokuja, kilomita nne, nisikose mtihani. Nampenda. Ningekuwa simpendi ningekuwa nimeshatoka.

Yuko mlangoni. Namsikia anavyohema. Jembe linagusa sakafu.

"Binti. Umemaliza kuandika?"

"Bado, Bapu."

"Fungua basi."

Nimechana ukurasa wa mchoro. Nimeuingiza kifuani. Lakhvir naye amekuja, nasikia hatua. Dirisha linatazama uani, lina nondo, lakini sauti inapita. Nitamwita Chacha Tarsem kwa jina lake, kwa nguvu, kabla mlango hauja—