Kiazi Chako Chekundu Kimekubali Kuota

Mayu,

Mama yangu, sijui kama huko uliko mnalima, ila najua hukai bure. Mimi bado niko maabara ya kilimo, kazi ile uliyowaambia majirani kwamba nalipwa kuosha chupa. Hukukosea sana.

Nina habari ya kiazi chako, kile chekundu nje, cheupe ndani, ulichotoka nacho kwenu Kimali siku ya kuolewa. Mimi ndiye niliyekuponza. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuja na magari yao mpaka uani, nikakung'ang'aniza: ng'oa viazi pale bondeni, panda pamba. Ukang'oa. Majirani uliowagawia mbegu nao wakang'oa. Umekufa unakitamani, unakula michembe, vile viazi vya kukaushwa, ya kununua sokoni Bariadi huku umekunja uso. Hilo liliniuma kuliko mazishi yenyewe.

Sasa usikasirike. Matanga yalipoisha, mama mdogo Minza, mke mwenzio, aliniita nyuma ya bafu lake. Pale maji ya kuogea yanapomwagikia palikuwa na marando ya kiazi chako yakitambaa chini, majani yamejikunja kwa ugonjwa. Wewe uligawia kijiji kizima ukamnyima yeye tu!

"Niliiba," akasema. "Mayu wako angenipa lini?"

Nikakata ncha za marando, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama, maana kule juu kabisa ugonjwa huwa haujafika. Nikaziweka kwenye chupa, juu ya uji mzito wenye sukari. Ungecheka. Zilitoa maji ya jeraha, zikawa nyeusi, zikaoza moja baada ya nyingine. Ikabaki chupa moja tu, nayo ndani yake kuna donge lisilo na jani wala mzizi. Mmea ukiwa chupani huacha kujipikia kwa jua, unakula sukari tu, kama mgeni aliyesahau kwao. Ndiyo, nililililia donge. Nikabadilisha dawa ya kuchochea machipukizi, nikangoja. Siku moja nikachukua chembe yake nikaidondoshea ayodini, ikageuka bluu nyeusi: lilikuwa linaweka wanga, akiba ya safari. Baada ya siku chache vikatoka vidoa vya kijani. Nilipiga vigelegele mle maabara, mkuu wangu akadhani nimeungua.

Halafu nikaharibu. Miche ilipopata mizizi, kwa haraka yangu niliitoa nusu yake nikaipanda juani moja kwa moja. Kufika adhuhuri ilikuwa imelala yote. Majani ya chupani hayajajua kubana maji yake. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiacha marando kivulini siku mbili yanyauke kidogo kabla ya kupanda, nami nikikuona mvivu. Iliyobaki niliifunika, nikaizoesha upepo kidogo kidogo, mpaka ikaanza kujipikia chakula chake yenyewe.

Hata hivyo niliogopa. Mmea uliopitia kwenye donge huweza kubadilika, ukarudi na sura ileile lakini utamu mwingine. Basi juzi nimevuna, nikachemsha, nikampelekea mama mdogo bila kumwambia kitu, maana mimi ningejidanganya. Alitafuna taratibu. Akaweka sahani chini.

"Ni yeye," akasema. "Hata amekufa hajaacha kunisumbua."

Kisha akalia, Mayu. Hata msibani kwako sikumwona akilia hivyo.

Pumzika, mama yangu, nakupenda na nimekukumbuka sana. Nakuahidi kiazi hiki sitaking'oa tena kwa bei ya mtu yeyote. Na mwizi wako msamehe. Nimempa marando mzigo mzima, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa jina lako.

Mwanao,
Kabula