Spika Kwanza, ao Ampli

Juru, 8 Machi 2009

Mwanangu Gervais,

Uko muzima kule Mbarara? Sisi tuko, mafua tu ilitusumbua. Baba yako anakusalimu.

Maharage tumeuza. Nataka kuweka muziki hapa nyumbani polepole, kitu kimoja kila mavuno, kwa sababu baba yako anashinda kimya. Wewe uko fundi wa redio: tuanze na ampli, spika, ao mashine ya CD? Solar tuko nayo.

Mama yako

Mbarara, 15 Machi 2009

Mama,

Poleni na mafua. Mimi ni mzima, kazi iko mingi.

Anza na spika. Watu hukimbilia mashine ya CD yenye mataa, halafu wanaiunganisha na spika iliyopasuka. Nunua mbili nzuri, ampli ya kukuza sauti ifuate. Mashine ya CD hata ya zamani itatosha. Kizito, mwenye duka ninapofanya kazi, ameniwekea jozi moja. Baba anapenda muziki gani siku hizi?

Mtoto wako, Gervais

Juru, 2 Aprili 2009

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mafua ilikwisha.

Baba yako hapendi muziki wowote. Hasikii. Hiyo sikukuandikia. Sikio moja lilikufa, na lile lingine linasikia tu mutu akipiga kelele. Nilifikiri spika kubwa zitamufikia.

Kuna lingine, na ukae chini. Baba yako mdogo Déo alikufa kule Uvira, mwezi wa kwanza. Baba yako ananiuliza kila siku kama Déo ametuma habari. Kusoma hakujifunza, siwezi kumuandikia. Na hapa nyumba zimebanana. Siwezi kumupigia kelele kwamba ndugu yake amekufa, majirani wa fasi yote wasikie.

Mama yako

Mbarara, 9 Aprili 2009

Mama,

Pole sana. Nimesoma barua yako dukani, nikashindwa kufanya kazi. Déo ndiye aliyenifundisha baiskeli.

Spika nimemrudishia Kizito. Usinunue. Spika itaeleza kijiji kizima. Ninatuma kwa gari la Rwekubo, lile linalopita huko kwenu, ampli ndogo, mikro ya kusemea, na hedifoni za kumvalisha Baba masikioni. Sema kwa sauti yako ya kawaida, atasikia yeye peke yake. Nimepunguza besi, ile sauti nzito, inafunika maneno. Anza na sauti ya chini kabisa, upandishe kidogo kidogo.

Gervais, mtoto wenu

Juru, 21 Juni 2009

Mwanangu,

Natumaini unakula vizuri. Vitu vilifika zamani. Niliviacha ndani ya sanduku, niliogopa.

Jumapili iliyopita, kisha misa kuisha, nikamuvalisha hedifoni. Nikaita jina lake polepole kwenye mikro, akageuka. Nikamwambia Déo amekufa.

Akavua hedifoni, akaenda kusimama katikati ya mihindi, mgongo kwangu. Akakawia kule. Aliporudi akazivaa yeye mwenyewe.

"Sema tena," akaniambia.

Nikamuuliza kama hakusikia.

"Nilisikia. Sema kitu kingine, chochote. Sauti yako ilikuwa imenipotea."

Basi nikamweleza habari ya mbuzi za jirani yetu Chantal, zilivyoingia kwenye shamba la kanisa.

Mama yako