Kwa Nini Sikutia Sahihi Ushuhuda Wako

Bunia, Nyakasanza
Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Blanchard,

Nakusalimu sana, weye na Elodie wako. Baridi ya Montréal imeanza? Na kifua chako kimepona? Mama alikusikia ukikohoa kwenye simu, na tangu siku hiyo ananiuliza kama tangawizi inapatikana huko. Tafadhali mjibu mwenyewe, maana mimi hanisadiki.

Huku tu wazima. Mguu wa mama umepungua kuvimba. Antoine, shemeji yako, anakusalimu. Gracia ameingia darasa la sita na tayari ananisahihisha Kifaransa changu mbele ya wageni. Mvua inanyesha kila mchana. Watu wa Djugu wanaokimbia vita wanazidi kuja na magodoro vichwani, na uani kwa jirani yetu kuna familia mbili sasa.

Nije kwenye jambo lenyewe. Tangu Jumatatu siwezi kutulia. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia, nafungua simu, naifunga bila kusoma kitu. Ni kwa sababu ya ile karatasi uliyonitumia nitie sahihi.

Najua kesi yako imefika pagumu. Kampuni ya konsoli, zile mashine za michezo, inadai kwamba programu mliyotengeneza, hiyo émulateur inayofanya ordinatere, kompyuta ya kawaida, icheze michezo ya konsoli, haina kazi nyingine ila kuchezesha michezo ya wizi. Weye unataka kumwonyesha hakimu mtu anayeitumia kwa haki, ukanifikiria mimi na salle yangu ya michezo, chumba hiki watoto wanamokuja kucheza. Karatasi yako inasema katika salle yangu haujapata kuchezwa mchezo wa kunakiliwa. Blanchard, sikuitia sahihi. Nisikilize kwanza, ukasirike baadaye.

Sehemu moja ya maneno yako ni kweli tupu. Konsoli ya baba, ile aliyoileta kutoka Kampala, iliunguzwa na umeme, na diski zake saba zikabaki kabatini kwa mama. Programu yako ndiyo iliyozirudisha. Siku uliyonielekeza kwa simu pa kubonyeza, muziki wa ule mchezo wa magari ulipoanza, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Nani amefufua ile kitu ya muzee?" Akasimama pale mpaka ugali ukaungua. Pale sikumwibia mtu. Hilo nitalisema mbele ya hakimu yeyote.

Lakini watoto walizichoka zile diski saba. Ndipo Mathieu, yule mfanyabiashara wa simu wa Mahagi, akaniletea michezo mingine mia mbili ndani ya kidude kimoja cha kuhifadhia, nikaiweka yote. Sikuuliza ilitoka wapi. Nilijiambia kampuni ni kubwa na iko mbali, haiwezi kuhisi kitu kutoka Nyakasanza.

Sasa nikueleze habari ya Ketsia. Ni msichana wa miaka kumi na tisa, wa moja ya zile familia za Djugu uani kwa jirani. Anasoma informatique, mambo ya kompyuta. Kwa mwaka mzima alitengeneza mchezo wake mwenyewe kwenye ordinatere ya shule: bibi mmoja anatafuta mbuzi zake kijijini kabla mvua haijafika. Nyumba iliyomo ndani ni nyumba yao, ile iliyochomwa. Aliichora kwa kukumbuka, mlango, kibanda cha kuku, hata ufa ulio ukutani. Mwezi wa sita alikuja kwangu kuujaribu, na ukabaki kwenye mashine yangu.

Mathieu alipopita tena aliuona, akaupenda, akaniomba. Nikampa, Blanchard. Nilimpa kama mtu anavyompa mgeni maji ya kunywa, bila kufikiri.

Mwezi wa nane shangazi yake Ketsia alimpigia simu kutoka Mahagi-Port. Watoto wa kule wanaucheza kwenye simu. Unauzwa ndani ya kadi za kuhifadhia pamoja na nyimbo na filamu, umepewa jina lingine, na jina la Ketsia limefutwa. Ketsia alikwenda kushtaki kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, nikaitwa.

Nilikwenda na maneno yangu tayari. Nikasema, "Mutoto, siye hatukuuza kitu. Ni mchezo tu."

Ketsia hakupandisha sauti. "Mama Gracia, si mchezo tu. Ni kwetu. Watu wanaingia ndani ya nyumba yetu, na hakuna mwenye anajua ni ya nani."

Chef akaniuliza, "Ulimuomba ruhusa?"

"Hapana."

"Na ile ingine yote iko ku mashine yako, uliomba nani?"

 Antoine aliyekuja kunitetea akatazama viatu vyake.

Chef aliamua nimwombe Ketsia radhi pale pale, na nimpigie Mathieu wote wakisikia. Mathieu mwanzoni alicheka. Alipoambiwa ni nani anayesikiliza, aliahidi kuacha kuuza na kurudisha jina. Lakini Ketsia alikwisha kujua. Aliniambia tukiwa mlangoni, "Zile kadi zimeisha kutembea, Mama. Hakuna mwenye atazirudisha." Niliporudi nyumbani nilifuta michezo yote ya Mathieu, mmoja baada ya mwingine, huku watoto wakilalamika nyuma yangu. Salle sasa ina diski za baba tu. Wengi hawaji tena.

Karatasi yako ilinikuta siku mbili baada ya hayo. Niliweka kalamu juu yake, nikamwona yule msichana mlangoni, nikashindwa.

Sasa ndilo hili lililonizuia kukuambia kwa simu. Jumatatu niliandika ushuhuda mwingine kwa mkono wangu na kuutuma kwa avocat anayekutetea, maître Mireille. Nimeeleza diski za baba na jinsi programu yako ilivyozifufua. Nimeeleza na michezo mia mbili, kwamba niliiweka mimi, wala si weye, na kwamba hukujua. Nimesema programu yako si mwizi, mwizi nilikuwa mimi.

Maître Mireille alinipigia siku hiyo hiyo. "Madame Bibiane, unajua upande wa kampuni wanaweza kulitumia jambo hili kumpiga ndugu yako?"

Nikamwambia najua. Akauliza kama nataka kuurudisha. Nilisema hapana. Alisema atakuonyesha kwanza, na kwamba weye ndiye utakayeamua kama ushuhuda huo utafika mbele ya hakimu tarehe 24. Tangu hapo hujapiga simu. Simu inalia, naikimbilia, ni mtu wa kampuni ya umeme.

Huenda nimekuharibia. Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni tukikimbia vita mwaka ule wa 2003, na leo ni mimi ninayeweka silaha mikononi mwa wanaokushtaki. Nalipindua hili kila upande na sioni upande laini. Lakini ile karatasi yako ingekuwa uongo, wangu kwa kujua na wako kwa kutojua, na kama wangekuja kuuliza hapa mtaani, kila mtoto angewaambia.

Jumamosi Ketsia alikuja. Ametengeneza upya mchezo wake, jina lake sasa liko juu ya mlango wa ile nyumba. Nilinyoosha mkono nichukue flash, hakunipa. Aliichomeka mwenyewe, akakaa karibu na mashine muda wote watoto walipocheza, akaichomoa, akaiweka mfukoni, akaniaga kwa adabu. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Barua hii anaichukua Séphora, anapitia Entebbe kesho, na Jumapili atakuwa huko Montréal. Akikukabidhi, usimkalipie, hajui kilichomo. Tumia ushuhuda wangu au uuchane. Ila piga simu, hata kama ni ya kunigombeza.

Wasalimie Elodie na wale wenzako wa programu. Mama, Antoine na Gracia wanakukumbatia. Mungu akulinde siku ile utakaposimama mbele ya hakimu, na akupe ulimi mtulivu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama jana,

Bibiane