Wino wa Saidi

Mjukuu wangu Zawadi,

Salamu kutoka Buyenzi, hapa Bujumbura. Mama yako amehamia mtaa wa Kigobe karibu na kazi yake, nyumbani nimebaki mimi na redio.

Umeniuliza kama kuna ubaya ukichorwa tatuu huko Ubelgiji. Mambo ya dini unayajua, sitakurudisha madrasa. Nitakueleza tu habari ya ile nyota niliyochorwa mkononi. Tulikuwa mafundi vijana wa garaji, mimi na rafiki yangu Saidi. Yeye ndiye aliyenichora, na wino aliuchanganya mwenyewe, nyuma ya pazia. Nikamuuliza ametia nini. Akacheka: "We leta mukono. Iyo ni siri ya fundi." Nikampa mkono.

Sasa, uzeeni, nyota imevimba na inawasha. Daktari wa mtaa wa Rohero ameniuliza wino ulitoka wapi. Nikamwambia sijui. Saidi tulimzika kabla ya mfungo wa Ramadhani, na hakuna mwingine aliyejua.

Basi ukienda kuchorwa, kwanza omba chupa uisome: imetoka wapi, ndani mna nini. Kisha niandikie yote, hata nisiyoyaelewa. Nina siku nzima ya kusoma.

Babu yako